Wasifu wa Mama Yako

Manzese,
Dar es Salaam.
10 Novemba 2024

Mpendwa binti yangu Vaileth,

Marahaba. Naitanguliza mwenyewe, maana shikamoo yako sijaisikia tangu tumzike mama yako. Habari za Kigoma? Mkwe wangu Benson hajambo? Na mjukuu wangu Auleria, kile kifua kilipona? Mie mzima, ila goti linanisumbua nikizunguka kule yadi ya makontena Kurasini.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei, na sikulaumu.

Nyumba imekuwa kubwa. Mdogo wako Loveness yuko bweni. Nikirudi kazini, kikombe nilichokiacha asubuhi nakikuta palepale. Jumamosi najikutaga nimefika sokoni Tandale, nanunua nyanya, na za wiki iliyopita zinaoza jikoni.

Juzi nilisimama kwenye ile meza aliyokuwa anauzia mama yako. Mama Najat, wa meza ya jirani, akaniuliza, "Baba Vaileth, hivi Adelina alizaliwa, akaolewa, akafa? Hapo katikati alikuwa wapi?" Wenzake wakacheka. Wote walikuja msibani, wakakaa chini ya turubai kusubiri wasifu wa marehemu, nami nikasoma sentensi nne.

Sasa nikwambie ukweli. Nilikwambia padri kasema muda hautoshi kusoma wasifu ulioandika wewe. Padri hakusema. Mie ndo nilimwambia mwenyekiti wa kamati akuruke. Nilikuwa nimeusoma kabla ya misa, nikafika pale ulipoandika kwamba nilipokosa kazi miaka miwili, mama yako alitulisha na kutulipia kodi, na kwamba mie nilikuwa sipiti Tandale, nisionekane mume wa muuza nyanya. Ni kweli yote. Niliona haya mbele ya watu wa kazini. Karatasi yako nikaichana, na wewe kesho yake ukaondoka bila kuniaga.

Unakumbuka ulipochagua kusomea historia chuo kikuu? Nilikutania mbele ya wageni, "Huyu anasomea wafu, sie tulio hai tutakula nini?" Likizo ile ukakaa jikoni unamuuliza mama yako habari za utoto wake Karagwe, mie napita nawacheka. Nimeishi naye miaka yote ile, sikuwahi kumuuliza. Wewe ulifundishwa kuuliza, tena ukafundishwa kwamba muuza nyanya naye ana historia. Mie hilo halikunijia akilini, na usingesoma, mama yako angebaki na zile sentensi nne zangu.

Loveness naye anataka kusomea fasihi. Safari hii sijatania. Nimemwambia akuulize wewe, unaijua faida yake.

Misa ya kumbukumbu ni tarehe saba Desemba. Nimemwalika Mama Najat na wenzake wote wa sokoni. Naomba uuandike upya, uje uusome wasifu wote, na ile miaka miwili usiipunguze. Nitakaa mbele.

Usipokuja, zile nne sizirudii. Nitasimama niwaambie kwamba anayejua habari za Adelina yuko Kigoma, na mie ndo niliyemnyima kipaza sauti.

Nisalimie Benson, na Auleria mwambie babu yake anamuulizia. Mungu awatunze, awafungulie na njia ya kuja nyumbani.

Mie nikupendaye, ninayesubiri shikamoo yako,
Baba yako,
Kasiani