Mume Wangu Mchunga Joto

Jumatatu, 9 Februari
Lindo limeisha, miguu imevimba. Jengo hili la Al Twar lina milango miwili na wageni wote hupitia ule nisioulinda. Mume wangu Kioko ameandika: manowari anayofanyia kazi inatia nanga hapa Dubai Alhamisi. Sijamwona tangu harusi ya dada yake. Nimeomba ofu ya Ijumaa. Bosi kasema inshallah, yaani hapana.

Jumanne, 10 Februari
Mlinzi wa usiku, yule Mganda, amekubali tubadilishane zamu. Khalas, yamekwisha. Ofu ninayo.

Jumatano, 11 Februari
Nimenunua chupa ya chai sokoni Naif. Siwezi kutulia. Kioko aliwahi kunieleza. Zamani wakubwa wa manowari walitakiwa kuchagua kinu cha nyuklia: kinachopozwa kwa maji, au kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Wakachagua risasi. Kinu kidogo, meli yenye mbio. Dunia nzima ikawaiga. Lakini risasi ikipoa huganda, na kinu kinakufa nayo. Basi hata bandarini lazima watu wabaki kuchunga joto. Mmoja wao ni huyu wangu.
Kasema bandari itawapa mvuke wa kulishikilia joto, kwa hiyo atashuka. Namwamini.

Ijumaa, 13 Februari
Nje ya geti la bandari tangu asubuhi. Rinda jipya, chai ya tangawizi. Akashuka Makame, mpishi wao, Mzanzibari.
"Pole, shemeji. Mumeo mzima, lakini hashuki. Bomba la mvuke limepasuka, wachunga joto wote wamezuiwa."
Nimempa chupa ampelekee. Nimelia kwenye metro mpaka Rashidiya, mbele za watu, na sikujali. Nawachukia waliochagua risasi. Wangechagua maji, angezima kinu chake akaja kwangu kama waume wengine.

Jumapili, 15 Februari
Makame alipita kazini kwangu mapema, mbio mbio, akaniachia chupa. Nzito. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, na Kioko hajasahau. Chai. Sukari kama ya kulea nyuki, ndivyo anavyoipika siku zote. Nimeinywa yote nimesimama mlangoni. Ilikuwa bado ya moto.
Meli imeondoka adhuhuri.
Nimeosha chupa, nimeifunika. Zamu ya kuijaza sasa ni yangu.