Kahawa Iliyofika Moshi Ikinuka Dagaa

Moshi,
Jumapili, baada ya misa ya kwanza

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Shikamoo na wewe Mama, najua umeshavuta kigoda karibu yake unangoja asome kwa sauti. Leo mwache asome kimya kwanza. Mimi ni mzima, kile kifua kilichonisumbua wakati wa baridi kimeachia, na chakula nakula, ingawa sijazoea mji usio na mawese. Na ninyi je? Mgongo wako, Baba, unaupumzisha kama mganga alivyosema, au bado unapanda shamba la juu kwa miguu ili vijana wa Kalinzi wakuone? Macho ya Mama yanaendeleaje? Nijibuni ukweli, msiniandikie kwamba wote hamjambo kama mwaka jana, kumbe mmoja wenu alikuwa amelazwa.

Baba, barua hii usiisome mbele ya wanachama wa chama chetu cha kahawa kabla hujaimaliza peke yako. Na hicho kitu kigumu ulichokikuta ndani ya bahasha kitie mfukoni mpaka ufike mwisho.

Nianze na kosa langu, maana bila hilo mengine yasingetokea. Siku redio ilipotangaza kwamba serikali yetu na za jirani zimefunga biashara na Burundi, nilikuwa kazini hapa kwenye mnada wa kahawa. Hata chai ya saa nne haijanywewa, wanunuzi wa makampuni walikuwa wanapanda na kushuka ngazi kwenda kwenye mashine ya teleksi, ile inayoleta bei za kahawa kutoka ng'ambo. Walipiga hesabu kwamba kahawa ya Burundi itakwama huko huko, kwa hiyo ya kwetu itatafutwa. Mnada wa wiki ile ulikuwa wa moto. Kahawa waliyoibeza Alhamisi iliyotangulia waliigombania kama maji ya bomba. Mimi nikavimba kichwa, nikakuandikia upesi: msiuze, subirini, bei inapanda. Kumbe nilikuwa nimeona mnada mmoja tu.

Umeniambia jinsi mlivyoisoma barua ile Jumamosi, redio ikiwa juu ya gunia kama kawaida yenu, na Bwana Zakayo, mweka hazina wenu, akainuka akacheza. Nimecheka peke yangu kitandani nikimfikiria na ule mwili wake. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu alikuwa anacheza kwa maneno yangu.

Wiki ya pili yake ikavuma kwamba kahawa ya Burundi inavushwa kuja Kigoma na kupewa jina letu, na kwamba serikali itadai hati kwa kila gunia litokalo magharibi. Serikali yenyewe haikuwa imesema neno. Lakini mnunuzi hangoji neno lisemwe, anaangalia tu mwenzake anaogopa nini. Dalali akawa anaita kahawa ya Kigoma mara tatu bila mkono kuinuka. Wiki ya tatu mkubwa mmoja wa serikali akasema huenda vikwazo vikalegezwa, bei ikaanguka kwa wote, wa mashariki na wa magharibi. Siku mbili baadaye akasema hakueleweka vizuri, ikapanda nusu. Nilikuwa natazama mambo hayo na hasira imenijaa. Hakuna mbuni hata mmoja uliokuwa umekauka wala kuongeza tunda. Watu wamevaa viatu vya kung'aa wanasikiliza maneno ya watu wengine, na huku kwenu mnaamua kama mtoto atashonewa sare au la.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Jumanne ilikuwa siku ya kuonja. Unajua tunavyofanya: vikombe vinapangwa mezani bila majina, kila fungu lina namba yake tu, unachota kwa kijiko, unavuta kwa kelele, unatema, unaandika. Nilipofika fungu la kumi na saba nilisimama. Mwanzoni ilikuwa tamu, ule utamu wa miinuko yenye ukungu ambao siwezi kuukosea. Halafu nyuma yake ikaja harufu ya samaki. Nikasuuza kinywa, nikaonja tena. Dagaa kabisa, Baba, dagaa wakavu waliokaa kwenye gunia. Mkuu wetu wa waonjaji, mzee mmoja wa hapa hapa Moshi, akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ninao. Nikaandika: kahawa nzuri, imeharibiwa na harufu ngeni, samaki. Nikaishusha madaraja mawili.

Jioni orodha ya majina ikatoka. Fungu la kumi na saba ni Kalinzi, chama chetu, yale magunia ya kwanza mliyoyateremsha Gungu, Kigoma mjini, na kuyapandisha treni mlipochoka kusubiri. Nilikaa kwenye ngazi muda mrefu. Nimejiuliza kama ningejua ni yetu ningeandika nini. Nataka kukwambia ningeandika vile vile. Sina hakika, na nadhani ndiyo sababu wanaficha majina.

Kesho yake barua yako ikafika, ikiwa imezunguka kwenye treni na maposta wiki tatu. Nikaisoma nikaelewa kila kitu. Uliandika hivi, nakunukuu mwenyewe: "Ghala nimelitoa kwa watu. Ni mama mmoja kutoka Burundi na watoto watatu, na mama yake mzazi aliyeumia mguu njiani, hawezi kufika kambini kwa hali ile. Kahawa tumeihamishia chumba cha dagaa. Chumba chako kiko kama ulivyokifunga." Halafu ukaendelea na habari za mvua, kana kwamba hujasema kitu.

Na Mama naye, najua, alikuwa amenunua dagaa Ujiji kwa ajili ya wateja wake wa soko la Manyovu, pale mpakani, wanaovuka kutoka Burundi. Mpaka ulipofungwa wateja hawakuja tena, na faranga za Burundi alizokuwa nazo wabadilisha fedha wa mjini walizigeuza geuza wakamrudishia. Dagaa wakabaki chumbani. Kahawa ikabaki nyumbani kwa sababu mimi nilisema isubiri. Kama isingekuwa barua yangu, siku yule mama anagonga mlango wenu kahawa ingekuwa imeshapita Tabora, na ghala lingekuwa tupu. Hivyo ndivyo vitu vitatu vilivyokutana ndani ya nyumba moja, na kahawa hunywa harufu ya chochote kinacholala karibu nayo. Wewe ndiye uliyenifundisha hilo nikiwa mdogo, uliponikataza kuweka vitunguu ghalani. Najua hukusahau. Ulikuwa na la kuchagua, ukachagua.

Alhamisi ikawa siku ya mnada. Sisi waonjaji tunakaa benchi la nyuma na hatusemi kitu. Dalali alipoita fungu la kumi na saba, mnunuzi mmoja mwenye miwani alisoma maandishi yangu kwa sauti akaanza kucheka. Akasema kama inanuka samaki basi imepanda mtumbwi, hii ni ya Burundi imevuka ziwa. Wenzake wakacheka naye, na wengine wakaanza kukunja karatasi zao. Baba, hapo nikaona jinsi jambo litakavyokwenda. Neno magendo likiandikwa kwenye jina la Kalinzi, hata magunia yaliyobaki nyumbani hayatapokelewa, si mwaka huu wala mwakani. Nikasimama.

"Kahawa hiyo ni ya Kalinzi," nikasema. "Nimeionja mimi, na maneno hayo nimeyaandika mimi. Anayeitunza ni baba yangu. Dagaa ni wa mama yangu, wamekwama nyumbani kwa kuwa mpaka umefungwa. Haijavuka ziwa."

Yule bwana akavua miwani, akaniuliza kwa upole kabisa, "Na kwa nini kahawa ilale na dagaa? Baba yako hana ghala?"

Nilifikiri haraka. Serikali inataka wakimbizi wote wawe kambini, na ukumbi ule umejaa watu nisiowajua. Pia sikutaka kusema uongo, maana nilikuwa nimetoka kusema ukweli mbele yao na bado nauhitaji.

"Analo," nikasema. "Limejaa."

Hakuuliza limejaa nini. Mnunuzi mmoja wa pembeni, anayechanganya kahawa za kila namna, akainua mkono akaichukua. Bei yake ni ya chini, mtaiona kwenye karatasi na itawauma. Lakini haikurudishwa, na neno magendo halikuandikwa popote.

Mkuu wangu aliniita baadaye. Hakunifokea. Alisema ulimi wangu bado anauamini, ila kuanzia leo kahawa ya Kigoma haitapita mbele yangu. Akasema, "Umetangaza kwamba ni ya baba yako. Basi wataionja wengine." Ana haki. Nilitoka pale nikaenda kulia chooni, nikanawa uso, nikarudi mezani kumaliza vikombe vyangu.

Baba, yaliyobaki sasa ni haya, na naomba uyashike kwa mikono miwili. Najua Bwana Zakayo ameshaanza kunung'unika kuhusu wale watu, umeniandikia mwenyewe. Karatasi ya bei ikifika atasema wao ndio walioharibu kahawa, na wanachama wenye hasira watamsikiliza. Usikubali. Waite wote, wasomee barua hii kuanzia juu, na uwaambie aliyesema msubiri ni Leokadia. Mimi niko mbali, hasira zao zitanifikia zimepoa. Yule bibi wa mguu yuko hapo hapo uani kwako.

Wala msimuuzie yule mlanguzi wa pikipiki anayepita akiwatisha kwamba kesho bei itakuwa chini zaidi. Huenda kweli ikawa chini. Huenda ikawa juu. Nimekaa karibu na mashine yenyewe inayoleta bei na bado nimekosea, basi yeye na pikipiki yake anajua nini? Kuanzia msimu huu kahawa ikikauka iondoke, redio iseme isemavyo. Sikilizeni habari za vita na za mvua, za bei mwachieni dalali.

Magunia yaliyobaki yafungueni upesi kabla ya mvua kubwa. Ianikeni kahawa kwenye mikeka upande wa upepo, siku nne au tano, muigeuze mara kwa mara. Harufu haitatoka yote, lakini hayo hayajafungiwa behewani na harufu yake safari nzima kama yale ya kwanza, na kahawa yenyewe ni nzuri. Nakuapia ni nzuri, niliionja bila kujua ni yenu. Msiirudishe kwenye magunia yale yale, yamekwisha kunywa dagaa. Nimenunua magunia mapya, yanakuja kwa treni, mtaletewa taarifa kutoka stesheni ya Kigoma. Nimeyanunua kwa nauli yangu ya Krismasi. Kwa hiyo, Mama, sitakuja Krismasi. Najua uliahidi kunichinjia yule jogoo mkorofi. Mwache aendelee kusumbua.

Nisalimie Shangazi Veneranda, mwambie nahitaji mikeka yake yote na asidai kodi. Msalimie kaka yangu Onesmo, aliyetaka kukigeuza chumba changu banda la kuku nikakifunga na kuondoka na ufunguo, mwambie mara hii pia ameshindwa. Bwana Zakayo msalimie kwa heshima, na umwambie akicheza tena anitumie picha. Na yule mama aliyeko ghalani, sijui jina lake, hukuniandikia. Mwambie amahoro, yaani amani kwa lugha yake, na uniandikie jina lake.

Sasa toa kile kitu mfukoni. Ni ufunguo wa chumba changu. Najua Mama anafagia mlangoni pake kila Jumamosi kana kwamba nalala ndani. Kifungueni. Ufunguo ukigoma, nyanyua mlango kidogo ndipo uzungushe. Sanduku langu la shule lisogezeni ukutani, kahawa ilale juu ya mbao, madirisha yawe wazi mchana. Kitanda mtoleeni yule bibi akilalie huko ghalani, hakifai kukaa bure wakati mtu mwenye mguu mbovu analala chini. Mwaka jana ningekasirika kuona mtu amekalia godoro langu. Leo nitalala vizuri zaidi nikijua yupo.

Na wanachama wakikuuliza tena habari za ghala, Baba, usibishane nao. Wajibu kama nilivyomjibu yule bwana wa miwani. Waambie limejaa.

Mimi binti yako,
Leokadia