Sekunde Sita za Shemeji

Alhamisi, mchana. Mawingu yamekaa juu ya ziwa tangu asubuhi. Igoma yote inalalamikia joto, lakini mikono yangu ni ya baridi.

Naandika kwa sababu nimefanya jambo.

Mimi ni karani wa mkataba katika chumba cha mitihani ya kompyuta. Mtihani wetu humfuata mtu: ukipata, swali linalofuata linakuwa gumu zaidi, ukikosa, linashuka. Mwezi uliopita niliufanya mwenyewe, nikigombea nafasi ya kudumu. Nilisoma kila swali mara mbili, ndivyo nilivyo. Bwana Masalu, msimamizi wetu, akapita nyuma yangu akitafuna matobolwa, vile viazi vitamu vikavu.

"Dada Kobe, unajibu au unasali?"

Chumba kizima kilicheka. Nafasi akapewa Lugata, shemeji yake.

Ningenyamaza. Mimi ni mtu wa kunyamaza. Lakini wiki hii makao makuu wameomba muda ambao kila mtahiniwa alitumia kwa kila swali. Wanataka mfumo ukichagua swali linalofuata uangalie na muda, si kupata na kukosa tu. Kazi ya kuandaa faili nikapewa mimi.

Ndipo nikaiona mistari ya Lugata. Maswali mepesi yalimtoa jasho: dakika mbili, tatu. Yale magumu kabisa, yenye jedwali la nusu ukurasa, aliyapata yote. Sekunde sita. Tano. Sita.

Jedwali lile halisomeki kwa sekunde sita. Na maswali magumu tunayo machache; mtu akipenyezewa, anayakariri siku moja.

Leo asubuhi Masalu aliinama mezani kwangu. "Mistari ya shemeji iruke, mdogo wangu. Mashine yake ilikuwa mbovu siku ile."

"Sawa, bosi." Akaridhika.

Sikuiruka. Niliipaka rangi ya njano.

Nakiri hapa: sikuwaza haki. Niliwaza uso wa Masalu. Nataka asimame katika chumba kile kile, aulizwe, akwame, na mtu acheke.

Mkataba wangu unaisha mwezi huu, na anayesaini ni yeye. Ndiyo maana nilikaa dakika arobaini nzima, kidole juu ya kitufe, kabla sijatuma.

Swali moja, dakika arobaini. Kobe amejibu.

Kesho nitamwamkia shikamoo kama kawaida, halafu nitahesabu sekunde atakazochukua kuitikia.