Oili Chafu Kabla ya Pasaka

Jumatatu, 3 Machi

Nimemwosha mbwa tena. Maji vuguvugu, sabuni ya mche, kitambaa cha zamani. Anasimama kwenye beseni, kichwa chini, hapingi. Maji yanatoka ya kahawia, yana magamba. Mgongoni hana manyoya. Masikio yamekuwa magumu kama ngozi ya kiatu. Ananuka chachu.

Simjui. Alikuwa chini ya lori la kakao pale Mpondwe, mpakani na Kongo, kwenye yadi ya ofisi yetu ya uwakala wa forodha. Lori likaondoka, yeye akabaki. Wapagazi walimrushia mawe. Nikamchukua. Sijui kwa nini. Naogopa mbwa.

Tangu tumzike baba, mwezi wa kwanza, nafanya mambo halafu nayaona baadaye, kama yamefanywa na mtu mwingine.

Sijampa jina. Huku Bwera mtu humpa mbwa jina la kumsema jirani, na majirani wote husikiliza. Namwita Mbwa. Hapo hakuna wa kukasirika.

Jumatano, 5 Machi

Mama Kavira, mwenye nyumba, alisimama katikati ya ua asubuhi, wapangaji wote wakiwa bombani. Alisema kwa Kiswahili chake cha upande wa Kongo, kwa sauti ya kufika barabarani: "Biira! Mbwa yako iko naoza. Batoto beko namushika. Pasaka bajukuu yangu banakuja. Kama hajapona, naita afande wa kizuizi ya barabara. Risasi moja, inaisha."

Watu walicheka. Mimi nilisema, "Ndiyo, Mama." Hilo tu.

Afande namjua kwa sura. Hupita na bunduki kununua chapati. Atakubali. Kwake ni kazi ndogo.

Nilifika ofisini nikakosea namba ya lori mara mbili.

Ijumaa, 7 Machi

Kasese, kupeleka nyaraka kwa pikapu ya ofisi. Mbwa nyuma, ndani ya katoni. Nilimwomba dereva, Bwambale, tangu jana. Alikubali ili apate cha kunicheka njia nzima.

"Madamu, hii mbwa inatoka Kongo. Umeikatia pasipoti?"

Pale Muhokya mwuza nyanya alichungulia nyuma, akauliza ni mnyama gani. Bwambale akamjibu, "Ni swala ya mbugani. Bazungu wameinyoa." Mwuza nyanya aliamini kwa muda. Nadhani nilitabasamu.

Daktari wa mifugo alikwangua ngozi kwa wembe, akatazama kwenye hadubini. Upele. Wadudu wasioonekana kwa macho, wanachimba chini ya ngozi. Watu pia huwashwa kidogo, kisha huisha. Akatoa vidonge na shampuu ya dawa. Nivae glavu. Matandiko yachemshwe. Mbwa asijilambe. Apewe mayai na dagaa, ngozi haijengwi kwa ugali pekee. Povu likae mwilini kwanza, ndipo nisuuze.

Akaonya: magamba yataanza kubanduka, ngozi itaonekana mbaya kuliko mwanzo. Nisishtuke. Nisibadilishe dawa.

Ningepaswa kumweleza Mama Kavira hilo la mwisho. Kila nikimwona, napita upande wa pili wa ua. Nitamweleza kesho.

Jumamosi, 15 Machi

Sijamweleza.

Povu nalipimia wimbo wa kanisani, beti zote, kimoyomoyo. Nikifika ubeti wa mwisho namimina maji. Kidonge nakificha ndani ya ndizi. Anameza ndizi, anatema kidonge. Nakificha tena. Nimemshonea kola ya katoni asifikie mgongo. Anagonga milango nayo. Watoto wa ua wanamwita Redio, kwa sababu kola ya katoni inafanana na spika.

Nina vijipele kwenye vifundo vya mikono. Ofisini nafunga vifungo vya mikono ya shati. Nikigusa karatasi ya mtu naogopa. Nikiacha kuigusa, bosi anauliza. Nimenawa mpaka ngozi imepauka.

Jumatano, 26 Machi

Ni kama alivyosema daktari. Magamba yanabanduka kwa vipande. Chini yake ngozi ni nyekundu, imelowa. Anaonekana kama kitu kilichobabuka motoni. Mpangaji wa chumba cha mwisho amewakataza wanawe kumkaribia.

Mama Kavira alipita na ndoo. Akasimama. Akamtazama mbwa muda mrefu. Akaenda zake bombani.

Kwenye kwapa la mguu wa mbele, kama sikosei, kuna vinyweleo. Laini, vya kijivu. Nimegusa kwa kidole bila glavu. Sijui kama ni tumaini. Nimeviona tu, nimeandika.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimetoka kazini jioni. Mbwa ni mweusi. Nilidhani ni mbwa mwingine.

Oili chafu. Ile inayomwagwa chini ya malori, nyeusi, nzito, inanuka moto. Amepakwa kuanzia shingo mpaka mkia, juu ya ngozi mbichi. Kola imetupwa pembeni. Ulimi mweusi. Amejilamba.

Alikuwa anatetemeka. Alitapika mbele yangu, kitu cheusi chenye povu.

Nilimpigia daktari. Alisema nisimtapishe. Mafuta ya kupikia kwanza, yalainishe oili, nifute. Halafu sabuni ya vyombo, maji vuguvugu, mara nyingi. Nimfunike. Nisikilize anavyohema, akihema kwa shida nimlete hata kwa bodaboda.

Nimefanya. Taulo zote mbili. Shuka moja. Chupa yote ya mafuta ya kupikia. Sikulia. Nilikuwa namwosha kama ninavyoosha sufuria.

Ijumaa, 4 Aprili

Yu hai.

Nimeomba ruhusa kazini. Nimesema naumwa. Amekunywa maji kidogo. Hali kitu. Mgongo umevimba. Kile kijivu cha kwapani kimetoka na taulo.

Jumapili, 6 Aprili

Sikwenda kanisani. Mama Kavira alirudi kutoka kanisani, kitenge kipya, Biblia kwapani. Akaja mlangoni pangu, hakukaribishwa, akakaa kwenye kizingiti.

"Ni mimi nilimupaka," alisema.

Nilijua. Hakuna mwingine anayeingia chumbani kwangu bila kubisha. Nilingoja hasira. Haikuja.

Akaeleza akiwa ametazama ua. "Kwetu mbwa ya upele tunapaka oili. Baba yangu alikuwa anapaka. Niliona dawa yako ya Kasese inamuchuna. Nikasema, huyu atakufa mbele ya Pasaka. Nikaenda mwenyewe kwa bamekanika Mpondwe, na hili jua, na magoti haya. Banacheka: Mama, unafungua gereji?"

Nikamwuliza kwa nini, kama alishasema ataita afande.

"Nilisema mbele ya batu bote," alijibu. "Neno ya mbele ya batu hairudi mu kinywa. Mbwa ndiye alitakiwa kupona."

Nimeliandika kama alivyolisema. Alitaka mbwa apone ili yeye asilazimike. Na nusura amuue. Angejua kwamba dawa huchuna kwanza, asingegusa. Hakuambiwa.

Nilisema, "Mama, usimguse tena." Sauti ilikuwa ndogo lakini ilitoka. Sijawahi kumwambia hivyo mtu aliyenizidi umri.

Akamtazama mbwa. Kisha: "Na kesho, ukienda kazi, nani atamuzuia kujilamba?"

Kola ameshajifunza kuivua. Bosi ameshasema nirudi. Nikimfungia, atajilamba. Nikimwacha nje, atajilamba.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimemfundisha Mama Kavira kabla ya kwenda kazini. Kola, hivi. Maji, haya. Hakuna kupaka kitu, hata samli, hata majani, hata maji ya kanisani. Alirudia kila neno kama mtoto wa komunyo. Nikampa ufunguo, ingawa anao wake.

Mpondwe siku nzima sikusikia mtu amesema nini. Lori la mbao lilisubiri muhuri, dereva akanifokea kwa Kifaransa. Nilikuwa naona mikono ya Mama Kavira ikifungua kopo.

Nilirudi nikikimbia. Mbwa alikuwa kwenye kivuli, kola shingoni, kibakuli cha dagaa kimelambwa. Mama Kavira amelala ameketi, fimbo mkononi, inzi wote wamefukuzwa.

Jumatatu, 14 Aprili

Uvimbe umeshuka. Daktari ameruhusu shampuu tena, kwa upole.

Leo Mama Kavira ameosha, mimi nikimimina. Nilimweleza habari ya wimbo. Yeye haimbi kimoyomoyo. Aliuimba kwa Lhukonzo, lugha ya huku, beti zote, na kiitikio kila baada ya ubeti, ambacho mimi huruka. Wapangaji wakatoka kutazama. Mmoja akasema, "Leo mbwa anabatizwa." Mama Kavira akamjibu bila kugeuka, "Wewe panga mustari. Upele yako tunaijua."

Siku zinakwisha. Mgongo bado una mabaka. Shina la mkia halina manyoya kabisa. Mtu akisema hajapona, hatasema uongo. Sijamwuliza Mama. Naogopa kumkumbusha neno lake.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Ofisi imefungwa nusu siku. Afande alipita, akasimama getini, akamwuliza Mama Kavira kama ile kazi ya mbwa aliyoisikia bado ipo. Nilikuwa dirishani.

Mama alisema, "Leo hatuui kitu, afande. Ni Ijumaa Kuu."

"Na kesho?"

"Kesho napika."

Akaenda zake. Sikujua kama hilo ni jibu au ni kuahirisha. Nimelala mchana na viatu miguuni.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Wajukuu wamefika kutoka ng'ambo ya mpaka, watatu, nguo nyeupe. Wapangaji wote uani. Nilimfungia mbwa ndani. Mmoja wa wajukuu akafungua mlango.

Mbwa akatoka polepole. Akapita katikati ya watu, na mabaka yake, mkia wazi. Watu wakampisha. Wapangaji wote walikuwepo siku ile bombani, Mama aliposema risasi moja.

Mama Kavira alikuwa ameketi kwenye mkeka akimenya ndizi za matoke, beseni kati ya miguu. Mbwa akamzunguka, akajilaza, akaweka mgongo wake juu ya mguu wa Mama uliokuwa peku. Ngozi kwa ngozi.

Mama aliangalia chini. Akaangalia watu, mmoja mmoja, mpaka kila mtu akapata kitu kingine cha kutazama.

Kisha akasogeza beseni, si mguu.

Nikaketi nikachukua kisu nimsaidie kumenya. Utomvu umenata vidoleni, hautoki. Mvua imeanza kidogo upande wa milimani.