Doa la Kona ya Kushoto

Tarehe 14 Septemba, alasiri

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua ngazini. Shemeji nisalimie, na wapwa zangu waambie mjomba wao bado anakunja soksi kwa jozi na kuzipanga kwa rangi, waendelee kucheka. Mimi sijambo. Naenda kazini, narudi, napika, nakula. Nyumba ni ileile, ila kimya chake sijakizoea.

Barua yako niliipokea tarehe 2. Nimeisoma mara nne. Umeniomba mambo mawili. La kwanza, nikuelekeze namna ya kupata kabati jeupe la sinki kama la Mama, kwa kuwa bafu lako nalo ni dogo na unataka kitu cha kumkumbuka, maana alilisifu kila ulipompigia simu. La pili, nikusimulie tena alivyoanguka, kwa sababu tangu siku ile mkono wako unakawia kila unapotaka kumpigia mtu simu, ukifikiri alikuwa anakimbilia simu yako. Nitaanza na kabati. Nivumilie, unajua sijui kuanzia katikati.

Mama alipohamia kwangu mwezi wa Januari, bafu lilikuwa linatia aibu. Upana mita moja na nusu, urefu mita mbili, choo kushoto, na kulia kwake sinki la zamani lenye ufa, limening'inia ukutani. Kati ya choo na sinki palikuwa na chuma cha kutundikia taulo, kinene, kimeshika kutu. Nilitaka Mama apate mahali pazuri. Miaka yote alikuwa ananawa kwenye karai, nikasema sasa basi.

Nilitembelea maduka kwa majuma matatu nikiwa na tepu ya kupimia. Nawe ukipima, fungua kwanza mlango wa bafu mpaka mwisho, ndipo upime nafasi iliyobaki. Watu wengi hupima mlango ukiwa umefungwa, halafu kabati linagoma kuingia. Langu lina upana wa sentimita sitini na kina cha arobaini. Chagua lenye droo, si milango, kwa sababu mlango ukifunguka katika bafu dogo unakugonga magoti. Chagua lenye miguu, ili sakafu ionekane chini yake. Jicho likiiona sakafu, chumba hupanuka. Zikwepe zile mbao za unga wa mbao uliogandishwa, zikinywa maji zinavimba kama andazi. Na weupe wenyewe usiwe wa kuumiza macho, uwe wa maziwa. Juu yake usijaze vitu. Mimi niliweka sabuni, kikombe cha miswaki na chupa ya kioo yenye tawi moja la majani mabichi. Kioo cha ukutani kiwe na upana uleule wa kabati, kisizidi.

Aliyelifunga ni yule fundi bomba ambaye mdomo wake ndio bomba pekee lililomshinda kufunga. Siku hiyo alinieleza ndoa yake yote, ya kwanza na ya pili, huku amelala chali chini ya sinki. Alipomaliza akaniuliza kama akirudishe kile chuma cha taulo. Nikamwambia hapana, kitalitia aibu kabati. Akanijibu kwamba mimi naoa sura tu. Akasema kile chuma kibaya kina skrubu nne ndefu na kinaweza kumfunga fahali, lakini bosi ni mimi. Akakiweka stoo. Katika daftari langu la kila siku niliandika: "3 Machi. Kabati limefungwa. Chuma cha taulo kimeondolewa. Bafu linaonekana pana."

Mama alisimama mlangoni, mkono kinywani. Akauliza kama funguo za chumba zinachukuliwa mapokezi, na kama chai ya asubuhi imo. Tangu siku hiyo akiaga kwenda bafuni alisema anakwenda hotelini. Alicheka, Dada. Hilo sikudanganyi, alilipenda kweli.

Tarehe 11 Machi niliona doa kwenye kona ya kushoto ya kabati, la mafuta yake ya kujipaka. Nikalifuta. Tarehe 12 likarudi. Nimehesabu kwenye daftari: nimeandika "doa kona ya kushoto, nimefuta" mara thelathini na moja. Lilikuwa doa la vidole vinne juu, na la gumba chini ya ukingo. Asubuhi hizo zote nilikuwa naufuta mkono wa mama yetu, naandika tarehe, na sikuwahi kujiuliza mkono huo unatafuta nini pale.

Tarehe 28 Aprili nilimwambia. Sikumfokea, ila nilisema kwa ile sauti yangu ya ofisini, unaijua. Nikamwomba asiwe anashika ukingo akiwa na mafuta mkononi, maana weupe ule ukishaingia unjano hautoki. Akasema haya, baba, bwana hoteli amesikika. Na siku zilizofuata niliandika hivi, nanakili neno kwa neno: "Doa halikurudi. Mama ameelewa."

Sasa nafika kwenye jambo la pili. Mama hakuanguka akikimbilia simu yako.

Tarehe 6 Mei, saa kumi na dakika tano alasiri, nilisikia kishindo. Nilimkuta sakafuni kati ya choo na kabati, amefumbata taulo ndogo. Simu yake ilikuwa kitandani, kimya. Ulipiga saa kumi na robo, nilipokuwa nimekipakata kichwa chake nikisubiri gari la hospitali. Nikakilaza kichwa taratibu, nikaenda kuipokea. Nilipokwambia ameanguka, uliuliza kama alikuwa anakimbilia simu yako. Nikasema ndiyo. Neno moja tu. Nikakuacha nalo miezi minne, na hata pale kaburini, ulipolia ukisema ungengoja jioni ndipo upige, nilikushika bega nikanyamaza.

Ukweli alinieleza mwenyewe wodini. Nyonga ilikuwa imevunjika, lakini bado alikuwa na maneno yake. Kumbe tangu Januari alikuwa anainuka chooni kwa kushika kile chuma. Kilipoondoka akawa anashika kona ya kabati. Nilipomkataza kulichafua, akawa anatandika taulo kwenye ukingo kwanza, ndipo anashika. Siku hiyo taulo liliteleza. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia anakihitaji kile chuma. Akasema aliniona nimefurahi sana na kabati langu, akaona haya kuomba kutu. Akanitaka nisikwambie, nisije nikagombana nawe. Nilijificha nyuma ya maneno hayo. Alifikiri ananikinga mimi. Hakujua ni wewe niliyekuwa nimekubebesha mzigo. Alifariki tarehe 25, na sikuwa nimemweleza.

Basi mkono uliomwangusha ni wangu, Dada, si wako. Siku ile ulikuwa unampigia mama yako kumjulia hali. Ni mimi niliyeng'oa, nikafuta, nikamkataza.

Pamoja na barua hii nimekutumia furushi. Ndani yake kuna kile chuma. Nimekipiga msasa lakini sikukipaka rangi, na skrubu zake nne nimezifunga kwenye kitambaa. Kabati jeupe nunua, ndivyo ulivyotaka, naye angefurahi. Ila chuma kifungwe kwanza, karibu na choo, sentimita themanini kutoka sakafuni, hata kama kitaharibu sura ya bafu. Goti lako hilo litakuja kukihitaji.

Kabati la hapa sijaligusa tangu tuliporudi kutoka kuzika. Jana niliinamisha taa nikaona kwamba, chini ya ukingo, mahali kitambaa changu hakikuwahi kufika, gumba bado lipo.

Wasalimie wote kwa majina yao, na mlinde afya zenu. Alasiri, kuanzia saa kumi, huwa niko nyumbani, na simu naiweka mezani mbele yangu. Usipopiga, nitaelewa.

Mdogo wako,
Bwana Hoteli