Yule wa Pumzi

Jumanne, 2 Septemba

Mazoezi ya kwaya tena, hapa kanisani Kitale. Wimbo wa harusi ya Bungoma unalegea ubeti wa tatu. Pale pale kila mara. Nimewarudisha mpaka wakanuna. Kila mmoja anaimba sawa, lakini kuna kitu hakipo. Nimerudi nyumbani nikazunguka zunguka tu.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimejua. Si kitu, ni mtu. Yule wa sauti ya pili, aliyekuwa akisimama karibu na dirisha, ameacha kuja. Sauti yake ndogo. Lakini akivuta pumzi, safu nzima inavuta naye. Ndiye anayewashikilia.

Jina silijui. Majina hayaniingii kabisa. Naona tu mtu anafanya nini.

Nimemuuliza mwenyekiti wa kwaya yuko wapi. "Mwalimu, harusi ni wiki ijayo, na wewe unatafuta mtu ati anapumua? Si wote tunapumua, bana?" Wanakwaya wakacheka. Aibu. Hasira pia.

Ijumaa, 5 Septemba

Siwezi kutulia. Kabla hajapotea nilisikia pumzi yake ikifupika. Nilisikia, nikanyamaza.

Nimeulizia sokoni, kwa wauza mboga. Nikawaeleza alivyo: mwanamke mfupi, husikiliza mpaka mwisho ndipo ajibu. Mmoja hakusita: "Huyo ni Nekesa. Alienda kwao Bungoma, shingo ilifura. Wako naye Lugulu."

Jumamosi, 6 Septemba

Lugulu, hospitali ya misheni. Amepasuliwa, uvimbe umetolewa. Anaongea kwa kunong'ona. Nimemsalimu kwa jina, kwa sauti kubwa mno, kama mtoto aliyekariri.

Akanitazama. "Nani amekuambia? Mwalimu, hujawahi kuniita. Nilijua hata hunioni."

Nikamweleza. Wimbo unavyoanguka. Pumzi yake ilivyokuwa inaubeba. Akageukia ukuta, mabega yakatikisika.

"Na sasa siwezi kuimba. Daktari hajui kama sauti itarudi."

Nikaketi kando ya kitanda mpaka muda wa wageni ukaisha. Nimerudi Kitale.

Jumapili, 14 Septemba

Harusi ilikuwa jana. Tulilegea. Watu walipiga makofi, bibi harusi alilia kwa furaha. Mimi nilitamani kutoroka. Mwenyekiti amefurahi. Sitaki kumwona.

Jumanne, 7 Oktoba

Nekesa amekuja mazoezini, leso shingoni. Sauti bado. Nikamwambia akae apumzike. Akakataa, akaenda kusimama mahali pake.

Tukaimba. Kifua chake kikainuka, na safu nzima ikainuka naye. Hakutoa sauti hata kidogo. Wimbo ulisimama wima mpaka mwisho. Mwenyekiti aligeuka akamtazama, kisha akatazama viatu vyake mwenyewe.

Baadaye chai. Wanawake walisogea wakampa Nekesa nafasi kwenye benchi. Mmoja akampozea kikombe, maana cha moto hawezi kumeza. Nimekaa nao mpaka birika likaisha.