Paka Safi Kupita Kiasi

Arua, Jumatano, Februari 1973

Kosa ni langu. Nani alinituma kumsafisha paka leo, na mlango wa duka uko wazi?

Nilimnyunyizia unga wa muhogo utoe mafuta kwenye yale manyoya marefu, kama Mama Rekha, mwenye paka, alivyonifundisha kabla Wahindi hawajafukuzwa, nikawa namchana. Askari akaingia na suruali ya kushonwa. Akaisahau suruali.

"Paka hii iko ya Muhindi."

"Niliokota barabarani, afande."

"Ya kuokota iko safi hivi?" Akaingiza vidole kwenye manyoya. "Muhindi aliacha na vitu ingine kwako. Kesho nakuja kuangalia."

Sina kitu cha Mama Rekha ila paka na kitana chake. Lakini nani ataniamini? Jirani yangu walimchukua kwa sababu ya redio ya Muhindi tu, na mpaka leo...

Kitana nimekitupa chooni. Kisha nikachukua mkasi wa vitambaa nikamkata manyoya yote, afanane na paka wa sokoni.

Hakunikwaruza hata kidogo. Aliinua kidevu mwenyewe nifike shingoni, kama kila siku. Alidhani namchana.